Kabla ya Dawa ya Kushika Mimba, Pima Sukari

Akina mama wanaotafuta mtoto katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huja kliniki na bahasha ya kaki. Ndani mna ripoti ya skani iliyopigwa Buruburu, matokeo ya homoni kutoka maabara ya katikati ya jiji, risiti kadhaa, na kipande cha pakiti ya klomifeni, dawa ya kupevusha yai, iliyonunuliwa kwa kemisti wa Kayole bila cheti cha daktari. Chini kabisa, kimekunjwa mara mbili, mna kitabu cha kliniki ya sukari. Mwenyewe hakitoi. Anaona hakihusiani na kilichomleta, na waliomhudumia awali hawakukiulizia. Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na nimezoea kuiomba bahasha yote na kuanza kuisoma kutoka chini.

Kwa mwanamke mwenye PCOS, yaani hali ya ovari zenye vijifuko vingi, na kisukari kwa pamoja, kutibu sukari ndiyo awamu ya kwanza ya matibabu ya uzazi. Anayeambiwa atibiwe sukari kwanza husikia kwamba anacheleweshwa, hasa kama ana miaka 34 na mama mkwe anapiga simu kila Jumapili. Hacheleweshwi. Miezi mitatu ya kushusha sukari humfanyia mambo mawili ambayo hakuna sindano ya mjini inayoweza kumfanyia: huipa ovari nafasi ya kurudi kazini, na humlinda mtoto katika wiki ambazo mama hata hajajua kuwa ana mimba.

Tuanze na hiyo PCOS, kwa sababu wengi wameelezwa vibaya. Mwanamke husemwa ana hali hii akiwa na mambo mawili kati ya matatu ambayo wataalamu waliyaafiki Rotterdam mwaka 2003: yai kutopevuka kila mwezi, jambo ambalo yeye hulijua kwa hedhi inayoruka miezi, dalili za homoni za kiume kuzidi, kama ndevu, chunusi zisizoisha au vipimo vya damu vilivyopanda, na ovari zenye vijifuko vingi vidogo kwenye skani. Kabla ya kumpa jina hilo ni lazima kuhakikisha kwamba hana tatizo la tezi ya shingo au homoni ya maziwa iliyozidi, maana hayo nayo husimamisha hedhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana PCOS, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui.

Vile vijifuko si uvimbe. Wanawake wengi hutoka chumba cha skani wakiamini wana uvimbe unaotaka kisu, na wengine wameshalipia dawa za mitishamba za kuuyeyusha. Hayo ni mayai yaliyoanza kukua pamoja yakakwama njiani. Hakuna cha kuyeyusha. La muhimu ni kujua yamekwamishwa na nini, na hapo ndipo sukari inapoingia.

Kongosho hutoa insulini ili sukari iliyo kwenye damu iingie misulini. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, misuli na ini huikaidi insulini hiyo, na kongosho hujibu kwa kutoa zaidi. Ovari hazina ukaidi huo. Insulini nyingi ikizifikia, huzihimiza kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Kwenye ini nako insulini hupunguza ile protini inayozishika homoni hizo na kuzituliza, kwa hiyo zinazozunguka huru kwenye damu huongezeka. Yai halipevuki katika hali hiyo. Kongosho likichoka baada ya miaka kadhaa ya kazi hiyo, sukari hupanda na mwanamke hupewa jina la pili, kisukari cha aina ya pili. Yeye huona magonjwa mawili yaliyomjia kwa bahati mbaya, lakini kwa sehemu kubwa mzizi ni mmoja. Si lazima awe mnene, maana wapo wembamba wenye ukaidi wa insulini, na hao husahaulika kwa sababu mwonekano wao haumshtui mtu.

Na wapo wengi ambao sukari yao haijapimwa hata mara moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari. Ule wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Kwa hiyo mwanamke yeyote mwenye PCOS anayetaka mtoto nampima sukari kwanza, hata kama hana dalili. Akipimwa asubuhi kabla ya kula na damu ionyeshe milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ni kisukari, na kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kile tunachokiita kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kikifika asilimia 6.5 ni kisukari pia. Nina tahadhari moja hapa: kipimo hiki husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu chembe zake huishi muda tofauti na huo, na jibu linaweza kudanganya. Wapo wengi Eastlands wenye asili ya Magharibi na Nyanza, ambako selimundu si kitu kigeni, kwa hiyo naliuliza swali hilo kabla ya kuliamini jibu.

Turudi kwenye ile miezi mitatu ya kushusha sukari, ambayo inamhusu mtoto pia. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge. Moyo wake huwa umeshaumbika mimba ikiwa na takriban wiki nane. Mwanamke mwenye PCOS amezoea kukaa miezi miwili bila hedhi, hivyo akiikosa hashtuki, na mara nyingi hugundua mimba wakati viungo hivyo vimeshakamilika. Ikiwa damu yake wakati huo ilijaa sukari, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo au ya uti wa mgongo huongezeka mara kadhaa, na ya mimba kuharibika vilevile. Ndiyo maana miongozo ya Marekani na Uingereza inalenga HbA1c iliyo chini ya asilimia 6.5 kabla ya kushika mimba, kama inafikika bila sukari kushuka hadi mtu aanguke. Ule wa Uingereza unasema wazi kwamba mwenye zaidi ya asilimia 10 ashauriwe kusubiri. Mimi hufuata hivyo. Simpi dawa ya kupevusha yai mwanamke mwenye 11, hata akilia mbele yangu, na wapo waliolia.

Kuna kundi jingine linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni la wanawake ambao hawatafuti mtoto hata kidogo. Mwanamke ameambiwa miaka mingi iliyopita kuwa hatazaa. Hatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango kwa sababu haoni ya nini. Kliniki ya sukari inamwanzishia metformini, anapunguza kilo chache, insulini inatulia, na ovari ambazo zilikuwa zimelala zinaamka. Anashika mimba bila mpango, sukari ikiwa bado 9, huku akimeza enalapril ya presha na dawa ya kushusha mafuta. Enalapril na losartan zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Mwanamke huyo hakukosea. Waliompa vidonge hawakumwambia kwamba vinaweza kumrudishia uwezo wa kuzaa.

Swali moja lingewaokoa wengi wao. Kliniki ya sukari katika hospitali za umma huwa na siku yake, na ya wanawake siku nyingine. Foleni ni mbili, faili ni mbili, na mara nyingi mwenye sukari hupimwa, huandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani bila mtu kumgusia mambo ya uzazi. Kila mwanamke aliye chini ya miaka 50 anayefika kliniki ya sukari aulizwe na sista anayempima presha: Mama, unapanga kupata mtoto mwaka huu? Akisema ndiyo, aandikiwe foliki asidi, dawa zake zikaguliwe, na apelekwe kwa daktari wa uzazi akiwa na kitabu chake mkononi. Akisema hapana, apewe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti mpya ya kaunti.

Foliki asidi nayo ina jambo lake. Kidonge cha pamoja cha madini ya chuma na foliki asidi ambacho wajawazito hupewa bure kliniki kina miligramu 0.4 za foliki asidi. Kinamfaa mama asiye na kisukari. Mwenye kisukari huhitaji miligramu 5 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, na hicho ni kidonge tofauti ambacho hupatikana kwa kemisti kwa bei ndogo. Dawa za presha hubadilishwa kwenda kwa zile zisizomdhuru mtoto, kama methyldopa au nifedipine, na ya mafuta huachwa. Yote hayo yafanywe na daktari, maana mwanamke anayeziacha mwenyewe nyumbani huweza kupatwa na kiharusi kabla hata ya kupata mimba. Kwa wachache wanaojidunga Ozempic ili wapungue, iachwe miezi miwili kabla ya kuanza kutafuta. Macho na figo vipimwe pia, kwa sababu mimba inaweza kuyaharakisha madhara ya sukari yaliyokuwa yakienda polepole.

Metformini ina sifa mbaya ya kuendesha tumbo. Mtu anayeipanda matatu ya Kayole saa kumi na moja alfajiri na kukaa saa nzima kwenye msongamano wa Jogoo Road hawezi kuimeza dawa itakayomwaibisha njiani, na wengi huiacha kimyakimya wiki ya kwanza. Naianza kwa miligramu 500 za jioni, katikati ya chakula, kisha naipandisha taratibu kila wiki. Ikigoma, ipo ile inayoyeyuka polepole.

Sukari ikikataa kushuka kwa vidonge, tunahamia insulini, na hapo makazi huwa sehemu ya matibabu. Katika chumba kimoja cha ghorofa ya sita mtaa wa Pipeline, bila friji, mama huniuliza ataiweka wapi. Chupa ambayo imeshafunguliwa hukaa salama wiki nne hivi mahali pasipo na joto kali, mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua. Chungu cha udongo chenye maji, chupa ikiwa imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kikombe kinachoelea, kinatosha. Za akiba ziachwe kwa jirani au ndugu mwenye friji. Nimeona wanawake walioacha insulini kwa sababu tu hawakuambiwa hilo.

Kuhusu chakula, sitamwambia mtu aache ugali. Namwambia anionyeshe sahani. Mara nyingi ugali umechukua nusu yake na zaidi, sukuma kidogo pembeni, na ndengu hakuna. Tunaigeuza: sukuma ichukue nusu, ndengu, maharagwe au omena robo, ugali robo iliyobaki. Mahali sukari inapojificha hasa ni chai ya saa nne yenye vijiko vitatu na mandazi mawili, na soda ya mchana kazini. Akiviondoa hivyo viwili tu, kwa wengi kipimo cha asubuhi huanza kushuka ndani ya wiki chache. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 mara nyingi hutosha kurudisha hedhi. Kwa mwanamke wa kilo 90 hizo ni kilo 4.5 hadi 9. Ngazi za ghorofa zisizo na lifti, ambazo kila mtu Pipeline na Tassia huzilalamikia, zinahesabika kuwa mazoezi.

Wakati mama anashusha sukari, baba apimwe. Katika sehemu kubwa ya ndoa zisizopata mtoto, mwanamume ana mchango, iwe peke yake au pamoja na mkewe, na kisukari cha mwanamume nacho hupunguza nguvu za kiume na kuharibu mbegu. Nimekutana na wanawake waliomeza klomifeni mwaka mzima huku kipimo cha mume hakijafanywa. Ni kipimo cha siku moja: akae siku mbili hadi tano bila tendo la ndoa, na mbegu zifike maabara ndani ya saa moja zikiwa na joto la mwili. Anayetokea Komarock na kupita Outering Road asijaribu kuibeba chupa kwenye matatu. Atoe pale pale maabara. Mirija ya mama nayo ipigwe picha kwa dawa na eksirei kama aliwahi kuugua maambukizi ya nyonga au kutoa mimba kukaenda vibaya, kwa sababu yai likipevuka na njia imeziba, kazi yote imekuwa bure.

Sukari ikifika panapofaa, sasa tunakuja kwenye dawa ya kupevusha yai, na hapa Eastlands bado klomifeni ndiyo inayojulikana. Ni dawa nzuri ya zamani. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wa wanawake 750 wenye PCOS, uliilinganisha na letrozoli kwa hadi mizunguko mitano: waliojifungua kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni 19.1. Tangu hapo miongozo ya kimataifa, ukiwemo wa 2023, inaiweka letrozoli mbele. Utafiti mwingine wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa metformini peke yake ilileta watoto kwa asilimia 7.2 tu, dhidi ya 22.5 za klomifeni. Metformini hutayarisha mwili, na yai hupata msukumo wake kutoka kwa dawa nyingine.

Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na karatasi iliyo ndani ya pakiti inasema hivyo. Mwanamke akiisoma jioni nyumbani, hudhani amepewa dawa ya saratani kwa siri. Mwambieni mapema, nyinyi wenzangu mnaoiandika. Hushusha estrojeni kwa siku chache, ubongo huona upungufu huo na kuhimiza ovari zikuze yai. Huliwa siku ya tatu hadi ya saba ya hedhi, kidonge kimoja cha miligramu 2.5 kwa kuanzia. Kama hedhi haiji yenyewe, huletwa kwanza kwa vidonge vya projesteroni. Karibu siku ya 12 skani huonyesha kama yai moja limejitenga na wenzake na kukua. Wakati huo wenzi wakutane kila baada ya siku moja. Anayenunua vidonge kwa kemisti bila skani hajui kama yai limekuja, kama yamekuja manne kwa pamoja, au kama kipimo hakikutosha. Mapacha wawili au watatu ndani ya mwili wenye kisukari ni mzigo mkubwa, na ndiyo sababu siwezi kukubali dawa hizi ziuzwe kama za mafua.

Wachache ndio wanaovuka hapo: sindano za homoni, upasuaji mdogo wa kutoboa ovari kwa kamera, na mwisho, mtoto wa chupa. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2006, kupitia Nairobi IVF Centre ya Daktari Joshua Noreh. Mzunguko mmoja leo ni takriban nusu milioni ya shilingi, na watu hukopa kwenye sacco, hugawana mzigo kwenye chama, au huuza ploti ya Joska. Mbunge wa Suba North Millie Odhiambo amekuwa akisukuma mswada wa kusimamia matibabu haya tangu 2014, na namwunga mkono, kwa sababu wanandoa wanaolipa fedha hizo wanastahili kulindwa na sheria. Hata hivyo mwenye PCOS ana hatari kubwa kuliko wengine ya ovari kuvimba kwa sindano hizo hadi maji yakajaa tumboni, na mwenye sukari ya juu asikimbilie huko. Nimeona ploti ikiuzwa kabla letrozoli haijajaribiwa hata mwezi mmoja.

Na kwa yule asiyetaka mtoto sasa, au ambaye ametafuta hadi akachoka na kuamua kupumzika, asiache hedhi ipotee mwaka mzima. Ukuta wa kizazi usiomwagika huendelea kunenepa, na baada ya miaka unaweza kugeuka saratani. Angalau kila baada ya miezi mitatu damu itoke, kwa vidonge au kwa njia ya uzazi wa mpango inayoulinda ukuta huo.

Kipimo cha mkojo kikionyesha mistari miwili, mama asisubiri mwezi wa nne au wa tano kuanza kliniki kama ilivyo desturi ya wengi. Afike wiki hiyo hiyo, na kitabu cha sukari. Letrozoli tayari ameshaiacha. Metformini asiiache mpaka aambiwe. Insulini huongezwa kadiri mimba inavyokua, na kipimo chake kinaweza kuwa maradufu kufikia miezi ya mwisho bila hilo kumaanisha kwamba mama amekosea chakula. Kuanzia wiki ya 12 huandikiwa aspirini ya kipimo kidogo kuzuia kifafa cha mimba. Skani ya wiki ya 18 hadi 20 ifanywe na mtu anayejua kuusoma moyo wa mtoto, vyumba vyote vinne. Na tangu mapema apangiwe kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na huduma ya watoto wachanga, kwa sababu mtoto wa mama mwenye kisukari huweza kuzaliwa mkubwa, na saa chache baada ya kuzaliwa sukari yake mwenyewe inaweza kushuka ghafla: apimwe kisigino, anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na apimwe tena.